Ujumbe Wake Nini? Kamuulize Mwenye Dele

Shemeji yangu ana wema mmoja: gari ni lake, lakini redio humwachia abiria. Kwa hiyo juzi tukiteremka Mombasa nikaunganisha simu yangu, nikaweka Peel, ile albamu ya 2020 ya KMRU, kijana Mkenya anayepiga sauti bila maneno. Vipande vyake ni virefu, cha mwisho kinapita dakika 20. Hatujafika hata Emali akaniuliza kama waya wa spika umelegea. Nikamwambia hapana, ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Akasikiliza tena kidogo huku akivizia kulipita lori la saruji, kisha akatoa hukumu: "Hii ni sauti ya friji."

Friji haikunikera. Friji ni maoni. Kilichonichoma ni swali lililofuata: "Sasa ujumbe wake ni nini?"

Nani aliyeturoga na neno hili? Mimi naishuku shule. Tulikalishwa miaka minne tukijibu "eleza ujumbe wa mshairi" kwa alama nne, kisha tukapakiwa kwenye basi kwenda tamasha la muziki kuimba kuhusu kunawa mikono na madhara ya pombe haramu, majaji wakitutazama midomo. Tukatoka huko tukiamini kwamba wimbo ni tangazo la wizara lililotiwa ngoma. Akitokea mtu anayepiga sauti bila maneno, tunamtazama kama mtu aliyeingia hotelini akakalia kiti bila kuagiza kitu.

Na uchungu wenyewe ni kwamba hatukuwa hivi. Bibi yangu alikaa Mji wa Kale, ghorofani, na kila jioni baada ya Alasiri alijua mwenye dele la kahawa amefika pembe gani kwa mlio wa vikombe vyake tu. Yule mzee hakuita mtu. Hakutamka "kahawa" hata siku moja. Ni vikombe viwili vikigongana kiganjani, tiki-tiki-tik, na akiingia kichochoroni mlio unakauka, akitokea uwazini unatawanyika. Bibi aliweza kukwambia kama leo ni mzee mwenyewe au mwanawe aliyemshikia, maana yule kijana mkono wake ulikuwa na haraka, kama anayedaiwa. Akishasikia, anateremsha kikapu kwa kamba. Maneno yaliyotumika katika biashara nzima: sifuri.

Ujumbe wake nini, shemeji?

Tunasema "la mgambo likilia kuna jambo." Lile baragumu lilikuwa na beti ngapi? Siwa ya Pate, lile baragumu la pembe za ndovu lililopo makumbusho ya Lamu, ilipulizwa kwenye shughuli za wakubwa na kila mtu akajipanga, bila kiitikio. Au nenda Unguja, kwa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza 1905. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, wanapiga bashrafu: ala tupu, fidla na kanuni na udi, watu wametulia kama wako darsani. Sijawahi kumwona mama akisimama katikati ya bashrafu akauliza mbona hawaimbi. Heshima ya kusikiliza sauti kama sauti tulikuwa nayo, tena kwa wingi. Tumeipoteza majuzi tu, halafu tunamwambia aliyeiokota kwamba ameiba kwa wazungu.

Na aliyeiokota ni nani? Ni huyo huyo KMRU; jina lake kamili ni Joseph Kamaru. Ndiyo, jina la babu yake, Mzee Kamaru, yule mwimbaji wa Murang'a aliyefariki 2018. Wakenya hawahitaji kuambiwa. Kama kuna mtu katika nchi hii aliyekuwa na ujumbe, ni yeye. Methali, mafumbo, siasa. Mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa 1975, wakati wengi walikuwa wanamung'unya tu, yeye aliingia studio akaimba. Mjukuu karithi jina lote, kisha akaondoa irabu mbili na maneno yote. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Leo naona huyu kijana ndiye msikilizaji mkubwa wa babu yake kuliko sisi tunaomkumbuka siku ya mazishi: ni yeye aliyekaa na kanda za zamani na kuzirudisha hadharani kupitia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ili mtu anunue, na malipo yasiishie kwa muuza kanda bandia wa River Road, Nairobi.

Kazi yake mwenyewe anaifanya hivi: anatembea na kinasa sauti, anachukua mvua, mtaa, ndege, mlango, kisha kwenye kompyuta anaivuta ile sauti mpaka inakuwa ndefu na nyembamba, anaitandika juu ya nyingine, na nyingine. Mwisho hujui mvua iliishia wapi. Natur, ya 2024, ni mkupuo mmoja wa zaidi ya dakika 50, na humo ametumia vifaa vinavyonasa mawimbi ya umeme ambayo sikio halisikii: yale yanayotoka kwenye simu, kompyuta, waya zilizofichwa ukutani. Niliisikiliza mara ya kwanza usiku, nyumbani. Katikati stima ikapotea. Simu ilikuwa na chaji, kwa hiyo muziki uliendelea, lakini nyumba nzima ilinyamaza kwa namna ambayo sijui niielezeje. Friji, chaja, taa ya jirani, transfoma pale nje, vyote vilikuwa vikivuma miaka yote niliyokaa pale na mimi sikuwahi kuvisikia mpaka vilipokoma.

Kwa hiyo naam, shemeji, friji imo. Wewe una friji sebuleni inayokuimbia usiku na mchana, na hujawahi kuisikiliza.

Haya, nikubali jambo moja, kwa shingo upande. Takataka katika muziki huu ni nyingi. Nilikwenda onyesho moja Nairobi, jamaa akasugua sahani kwa uma karibu nusu saa, watu wamefumba macho kana kwamba wanapokea unabii, nami nikatoka na jino linaniuma. Na maelezo yanayoandikwa kuhusu kazi hizi, Mungu atusamehe, huandikwa na watu wasiotaka kueleweka. Kuhusu kwamba kijana alikwenda kusoma Berlin na wanunuzi wake wengi wako huko, sawa, lakini redio zetu zimempigia mara ngapi? Udi nao ulikuja kwa jahazi, wala hatuuombi pasipoti.

Halafu kuna singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar, ambao wazee wa huko waliuita kelele mpaka wanasiasa walipouhitaji jukwaani. Ila singeli iliponea kwa sababu ina mtu anayechana mistari. Ina maneno. Asiye na maneno ndiye tunayemtoa kafara.

Kuna albamu moja sitaki kuifanyia mzaha. Inaitwa Temporary Stored, ya 2022. Malighafi yake ni rekodi kutoka hifadhi ya sauti ya Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, kule Tervuren, Ubelgiji. Sauti za watu wa bara hili, zilizokusanywa na kupelekwa huko, zikapewa namba, zikawekwa kwenye makabati. Jina la albamu maana yake ni kwamba zimehifadhiwa kwa muda tu. Kwa muda! Ukiisikiliza, zile sauti zinazuka kutoka kwenye mvumo, unakaribia kumtambua mtu, kisha zinazama. Kinyago kikichukuliwa unaweza kukidai. Kinashikika, kina picha, kuna mzee wa ukoo atakayekielekezea kidole aseme ni chetu. Lakini mtu aliyeimba akifanya kazi zake, jina lake likaandikwa vibaya au lisiandikwe kabisa, sauti yake nani ataidai, na kwa karatasi ipi? Nilifikiria tiki-tiki ya yule mzee wa Mji wa Kale. Hakuna aliyeirekodi. Sijui kama niseme afadhali au niseme ole. Mwanawe sasa yuko Jeddah, na kijana anayeuza kahawa pale siku hizi anapita na spika ndogo inayosema "kahawa, tangawizi, kahawa, tangawizi" kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. Ujumbe umefika, bila shaka. Kila mtu ameuelewa. Nimewaona wakifunga madirisha.

Shemeji, najua dada amekutumia hii. Mwezi wa Desemba tunateremka tena, na Natur iko tayari kwenye simu. Dakika 50 zinatutoa Mlolongo na kutufikisha mbali tu, kama malori yatatuhurumia. Ukisema friji sitajibu. Ukiuliza ujumbe, nishushe Mtito Andei, nitapanda basi.