Wa kumwokoa mgonjwa wa Mafinga hayuko Köln

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wana-Iringa tulioko Ujerumani kuna wimbo hauishi: wenzetu wana utu, kwetu mtu humsaidia ndugu yake tu. Siku hizi mfano wao ni uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mzungu anamchangia mgonjwa asiyemjua, hata jina haambiwi. Ni kweli. Ila hapo kwenye utu ndipo ninapobisha.

Nami nimejiandikisha kuchangia, tena kantini ya kazini: unasugua vijiti vya pamba ndani ya mashavu, unavitia kwenye bahasha, unasaini, unarudi zamu. Daftari ni la DKMS, shirika la kuandikisha wachangiaji wa uloto, walioanza hapa Ujerumani mwaka 1991. Ukijumlisha madaftari ya dunia nzima, waliojiandikisha wanazidi milioni 40.

Haya, mtafutie humo mgonjwa wa Mafinga au Tukuyu mtu wa kumfaa. Kinacholinganishwa si kundi la damu, ni alama za HLA, zile za kwenye seli ambazo mwili hutambulia kilicho chake na kigeni, ambazo mtu hurithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana nawe kabisa. Ukikosa hapo, tumaini kubwa ni watu wa asili yako, na Waafrika ndio tunaotofautiana zaidi duniani kwa vinasaba. Kwenye daftari kubwa la Marekani, mzungu hupata wa kufanana naye karibu mara 79 kati ya 100, mweusi, 29. Na hao weusi wengi asili yao ni Afrika Magharibi. Mhehe je? Mnyakyusa? Mjerumani hata awe na utu wa kumwaga, alama hizo hana.

Wenye nazo wako nyumbani, na kutoa wanajua. Damu Salama Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, pale Mbeya, hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, na sijasikia mwanafunzi akiuliza chupa yake inakwenda kwa nani. Kinachokosekana ni maabara na daftari.

Hofu ipo, sikatai. Shangazi yangu alinijia juu kwenye simu: "Wakutoboe mgongo kwa ajili ya mtu usiyemjua? Mwanangu, hao mumiani!" Nikamwambia mgongo hauguswi. Wengi huchomwa sindano siku chache ili seli zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, kisha damu inapitishwa kwenye mashine kwa saa 4 hivi na kurudishwa mwilini. Wachache hutolewa kwenye mfupa wa nyonga, wakiwa wamepigwa nusukaputi. Akauliza wanalipwa shilingi ngapi. Niliposema hawalipwi, ndipo akashuku zaidi.

Mtaniambia kupima HLA ni ghali na wodi zetu zina shida za haraka zaidi. Sawa. Lakini Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kuwapandikiza watoto wa sikoseli uloto wa ndugu zao. Asiye na ndugu wa kufanana naye atasubiri nini? Daftari lianze dogo, na vijana wanaochangia damu Mbeya na Iringa, kwa hiari yao. Na sisi wa huku, ambako maabara ipo na imeshalipiwa, tuache kusifia utu wa Wajerumani tukajiandikishe. DKMS hapa wanapokea kuanzia miaka 17 hadi 55, na wengi wa kwenye lile kundi hata 40 hawajafika.