Pulizo, si kigari: taka za watoto kwenye viwanja vya sikukuu

Miaka hii Idd el Fitri inaangukia Machi, masika yanapobisha hodi. Ndiyo maana taka za viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja kwa Unguja na Tibirinzi kwa Pemba, hazimngoji mfagiaji. Mvua moja tu, zimeshaingia mtaroni, na mtaro mwisho wake pwani.

Wapo wanaotaka vichezeo vya plastiki vipigwe marufuku uwanjani, kama mifuko ilivyopigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006. Nia ni njema, ila shabaha siyo. Kigari mtoto hurudi nacho nyumbani, akakichezea, akamrithisha mdogo wake. Na muuzaji naye siku nne hizi ndizo riziki yake. Cha kuogopwa ni kile kinachotupwa siku ile ile: pulizo, yaani puto, mrija, kimfuko cha malai, ile aiskrimu ya watoto. Wauzaji hujitetea kuwa pulizo ni utomvu wa mti, litaoza. Kweli litaoza, lakini kwa miezi na miezi, na kasa akiona kipande kinaelea hudhani ni konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama ute, akakimeza. Na utepe wa pulizo ni plastiki tupu.

Mbadala unaosifiwa ni tiara, yaani kishada: njiti mbili za ukuti, gazeti, gundi ya unga wa ngano, mkia wa kitambaa. Gundi ikiwa nyepesi karatasi hurowa ikachanika. Mkia ukiwa mfupi tiara huzunguka na kuanguka kichwa chini. Tatizo ni kwamba Machi ni tangambili, upepo hautabiriki. Na anayeirusha kwa mshipi wa kuvulia, bora angenunua kigari: mshipi ukikwama mwembeni hunasa ndege. Uzi wa pamba wa cherehani unatosha.

Kwenye chakula pagumu zaidi. Bakuli za kuosha kwa urojo zinaondoa vikombe vya plastiki, lakini ndoo moja kuoshea watu mia wakati wa mvua ni kukaribisha kipindupindu. Pasipo ndoo ya sabuni, ya kusuuzia na ya maji ya klorini, zote zikibadilishwa maji mara kwa mara, heri kikombe cha karatasi. Kachori na mishkaki havina taabu hiyo: jani la mgomba likipitishwa juu ya makaa hulainika, halipasuki.

Na gunia la taka likae mbele ya meza, usawa wa mkono wa mtoto anayemaliza malai yake, si nyuma kwa muuzaji.