Barua imefungwa gundi, meseji je?

Waliosoma bweni watanielewa haraka. Enzi zetu barua ikija kwa S.L.P. ya shule inapita kwanza kwa mwalimu wa nidhamu, anaichana kwa wembe, anaisoma yote, ndo anakuita ofisini. Akikuta neno "mpenzi" humo ndani umekwisha, utasomewa paredi shule nzima ikusikie. Tukilalamika jibu lake lilikua moja tu, kama hamna baya mnaficha nini. Sasa hilo jibu nalisikia mpaka leo kwa watu wazima kabisa tukiongelea serikali kuchungulia simu na imeili za watu, na kila nikilisikia namkumbuka yule mwalimu na wembe wake. Swali lenyewe ni hili, barua iliyofungwa inalindwa isifunguliwe ovyo, je ulinzi huo uje mpaka kwenye meseji na imeili?

Wamarekani walilimaliza la barua zamani sana. Mwaka 1878, kwenye kesi ya Ex parte Jackson, Mahakama yao ya Juu ilisema barua iliyofungwa ikiwa njiani ni sawa na iko ndani kwako, anaetaka kuifungua aje na hati ya upekuzi, yaani kibali cha hakimu. Safi. Halafu ikaja imeili wakachemka. Sheria yao ya 1986 iliruhusu imeili iliyokaa kwenye seva (kompyuta za kampuni inayokutunzia imeili) zaidi ya siku 180 ichukuliwe bila hati, maana kipindi kile kuhifadhi vitu kwenye seva ilikua ghali, watu walishusha imeili zao kwenye kompyuta zao wenyewe, kwa hiyo iliyobaki huko ikaonekana umeisusa. Leo nani anashusha? Mimi nina imeili za miaka kumi na kitu ziko hukohuko na sijasusa hata moja. Ilibidi mpaka 2010 mahakama moja ya rufaa iseme imeili ni kama barua na kampuni inayoibeba ni kama posta, tena kwenye kesi ya Warshak, muuza vidonge vya nguvu za kiume (haki za watu wengi huwa zinakuja kwa mgongo wa watu wa ajabu), na yeye mwenyewe haikumsaidia sana, makosa mengi aliyokutwa nayo yalibaki palepale.

Kwetu Tanzania Katiba haina shida, ibara ya 16 inataja mawasiliano binafsi na ya 18 inasema una haki ya kutoingiliwa kwenye mawasiliano yako, haijabagua barua wala meseji. Shida iko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, pale ambapo polisi mkuu wa kituo anaweza kuandika amri mwenyewe kwamba data fulani itolewe kwa ajili ya upelelezi. Mkuu wa kituo, sio hakimu! Jamii Media, wenye mtandao wa JamiiForums, walienda Mahakama Kuu kukipinga hicho kifungu, wakagonga mwamba.

Kwa hiyo ndio, ulinzi wa barua uje mpaka kwenye intaneti, ila mimi naona hata huo hautoshi, na hapa ndo wengi wanapitiliza. Barua ilikua inalindwa ndani, bahasha kila mtu anaiona, karani anaiona, mbeba barua anaiona, na haikua na neno sana, jina na anwani na mhuri wa posta basi. Bahasha ya siku hizi ni kitu kingine. Wasapu ndani kumefungwa sawa, lakini umewasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, simu ilikua kwenye mnara wa wapi, yote hayo yako nje na yanaweza kutunzwa. Nipe bahasha za mtu za mwezi mmoja nitakwambia anaumwa nini, anadaiwa na nani na saa nane za usiku anaongea na nani ambae sio mkewe, na sijasoma neno hata moja. Mimi nataka hakimu asaini kabla hata bahasha haijaguswa.

Yule mwalimu wetu angekua na hizi bahasha za sasa wembe ungebaki kwenye droo.