Siagi ya Paula Deen na jiko la mwanawe

Januari 2012 Paula Deen, mpishi wa Savannah, Georgia, aliyejipatia jina kwenye televisheni ya Marekani kwa mapishi ya siagi tele, alitangaza kwamba ana kisukari aina ya pili. Mwezi huohuo mwanawe Bobby akaanza kipindi chake, Not My Mama's Meals, akiyapika upya mapishi ya mama kwa mafuta na sukari kidogo. Wengi wakakata shauri hapohapo: mtoto anatibu, mama anaua. Huko ni kumwonea mama.

Kosa analo, tena kubwa. Ugonjwa aliujua kwa takriban miaka mitatu huku akiendelea kupika vilevile mbele ya kamera, na alipousema alikuwa tayari analipwa na kampuni ya Novo Nordisk kutangaza dawa ya kisukari. Mtazamaji aliyemwamini ana haki ya kukasirika. Na baga yake ya nyama, bekoni na yai, iliyobanwa kati ya donati mbili, siitetei.

Lakini itazame keki yake maarufu ya siagi. Vijiti viwili vya siagi, karibu gramu 225, na sukari ya unga karibu gramu 450, vinaingia bakulini unaona. Mpishi wa nyumbani anajua apunguze nini, na kwa kiasi gani. Bobby naye alianzia hapohapo: alipunguza siagi ambayo mama yake aliionyesha waziwazi.

Desemba 2012 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha mapishi 100 ya wapishi wa televisheni Uingereza na milo 100 ya kupasha moto tu kutoka supamaketi. Hakuna hata kimoja, pande zote mbili, kilichotimiza mapendekezo yote ya WHO. Ya televisheni yalizidi kwa kalori na mafuta, nyuzinyuzi zikawa chache. Ukisoma hapo tu utasema afadhali cha boksi. Mimi nang'ang'ania matokeo yanayorukwa: chumvi ilizidi kwenye milo ya dukani. Hiyo imeshapikwa ndani kiwandani, huna namna ya kuitoa. Siagi unaipunguza kwa kisu kabla haijagusa sufuria. Utafiti ulipima mapishi kama yalivyoandikwa, na jikoni nani anayafuata neno kwa neno?

Kwa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, kipindi cha Bobby kilikuwa msaada wa kweli, nami ningemwelekeza mtu huko kwanza. Kinachonisikitisha ni kwamba mama alikuwa kwenye chaneli ya Food Network, mwana kwenye Cooking Channel, kila mmoja na watazamaji wake. Wangepikishwa pamoja, keki mbili kwenye meza moja, vipimo vya kila moja vitajwe na vipande vihesabiwe, maana keki ya mama hukatwa vipande vya kulisha ukumbi mzima.