Kasuku Wangu Amesema "Nipe"

Jumapili iliyopita nilikuwa nazungumza na mama, simu nimeiweka spika juu ya ndoo, mikono yote miwili imo kwenye trei za vizimba. Mama yuko Ngamiani, Tanga. Mimi niko Utawala, Nairobi, mwaka wa 11 huu. Tulikuwa kwenye habari za msiba wa jirani, pale ambapo mtu hutakiwa kushusha sauti kidogo, ndipo nyuma yangu mtu akafoka: "Nipe! Nipe, fanya haraka!"

Mama akanyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, unamsemesha nani hivyo?"

"Si mimi, mama. Ni kasuku."

"Kasuku gani ana sauti yako?"

Nikakosa la kusema. Sauti ilikuwa yangu kweli, hata ule mkwaruzo wa asubuhi kabla sijanywa chai ulikuwamo. Kasuku mwenyewe, Karanga, alikuwa amening'inia ubavuni mwa kizimba, mboni zake zinabana na kutanuka, kubana na kutanuka, kama wanavyofanya wakitaka kusema au wakifurahia walichokwisha kusema. Akarudia. Mama akaaga.

Kwa wasionijua: nyumbani kwangu napokea kasuku waliokosa kwao, nawatunza, na wanaofaa nawatafutia familia. Nikilisema hili Nairobi, mtu hufikiria kwanza mkebe wa mafuta ya kupikia au daftari la shule, kwa sababu vyote viwili huku vinaitwa Kasuku. Basi mimi ninao wa kweli, 14, kumi kati yao wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Karatasi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ziko ukutani sebuleni, kwa hiyo msinianze. Asili ya hawa wa kijivu ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, Kenya yenyewe ilikuwa nao wachache tu huko Kakamega. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, uliofanyika Johannesburg, walipewa ulinzi wa juu kabisa, kiasi kwamba biashara ya kimataifa ya waliokamatwa msituni ni marufuku. Lakini marufuku haimrudishi msituni ndege aliyekwisha kukaa miaka 20 kwenye baraza la mtu. Mwenye nyumba anafariki, au anahamia nchi nyingine, au anapata mjukuu mwenye pumu, maana kasuku wa kijivu anatoa unga mweupe manyoyani mwake, na ukifuta televisheni asubuhi, saa sita mchana unaweza kuandika jina lako juu yake. Wanakuja kwangu.

Na kila mmoja anakuja na nyumba yake mdomoni. Hilo hakuna aliyenionya. Yupo anayetoka kwenye nyumba ya ugomvi, yeye neno lake ni "Toka! Toka hapa!" na baada ya hapo hugonga mdomo kwenye chuma, ko, ko, nami nadhani huo ndio mlango uliokuwa ukipigwa. Yupo wa familia ya Mombasa anayepiga hodi, kisha anajikaribisha mwenyewe: "Hodi! Karibu." Yupo aliyekaa juu ya duka barabarani, huyo ni honi na "beba beba beba" kuanzia alfajiri. Na yupo mmoja ambaye hasemi kitu, anakohoa tu. Kikohozi cha mzee, kirefu, chenye kuvuta pumzi katikati. Aliletwa baada ya mzee kuzikwa. Binti yake huja mara moja moja siku za Jumamosi, anakaa kwenye stuli ya plastiki bila kusema neno, anasubiri. Ndege akikohoa, binti anasema "pole baba", anakunywa chai yake, anaondoka.

Nilitaka kusema juu ya neno "nipe".

Kwetu, mnajua, mtu haingii dukani akasema nipe. Unasema naomba. Naomba sukari nusu, naomba chumvi, na pesa unazo mkononi. Hata kondakta anakuomba nauli, kwa maneno tu, uso ni habari nyingine. Mwaka wangu wa kwanza Nairobi nilisimama kwenye kibanda nikasema, "Samahani kaka, naomba mkate." Wakapita watu watatu: nipe maziwa, nipe airtime, nipatie mayai mbili. Nikarudia ombi langu. Yule kijana akaniangalia kwa huruma ya kweli, akaniuliza, "Mathe, unaomba ama unanunua?"

Nililia njiani. Nacheka sasa, lakini siku ile nililia, na nilimpigia mama nikamwambia watu wa huku hawana adabu, nikaapa kwamba mimi sitasema nipe hata nikae miaka mia. Na sasa ndege wangu ananiumbua.

Najua watakaonijibu. Nawasikia kabla hawajaandika. Wa kwanza ni ndugu zangu wa Tanga: umekuwa Mkenya, umesahau ulikotoka. Sijasahau. Nikimwona mama wa watu barabarani nasema shikamoo, na nusu ya kina mama wa Utawala sasa wanaitikia marahaba, mmoja hunikumbusha nikipitiwa. Wa pili ni Wakenya: kama hupendi, Namanga unaijua. Naijua sana, nyie ndio mnajaa kule Desemba. Wa tatu ni yule wa kila mahali: ndege wanakula papai na watu wanalala njaa. Ndugu yangu, majani ya karoti na sukuma ya pembeni mama mboga ananipa kwa sababu angeyatupa. Maharage yao nachemsha sufuria moja na yangu. Korosho anapata kila mmoja moja, kama dawa. Kitu pekee ninachokataa hapo gengeni ni parachichi, na hapo ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu Nairobi parachichi ni nyongeza ya kila kitu, unanunua kitunguu unawekewa parachichi, nami kila siku narudia kwamba linaua ndege. Mama mboga haamini. Ananiambia, "Wewe peleka tu, watazoea."

Niendelee. Miezi miwili iliyopita, saa tatu usiku, mvua ile ya kugonga mabati, niliona ndege mmoja mgeni ameanguka chini ya kizimba, mabawa yanapiga, shingo imejipinda. Ndege kushikwa na degedege, Kiswahili chenyewe kilikwisha kutabiri. Alikuwa na wiki moja tu kwangu. Alikotoka walimlisha alizeti tupu miaka mingi, bafuni, bila jua. Kasuku wa kijivu akikosa kalisiamu na jua, kalisiamu hupungua katika damu yake na mwili huanza kukakamaa na kutetemeka. Nikampigia daktari. Hakusema habari ya usiku, hakusema pole. Alisema, "Leta. Saa hii." Akakata.

Nikatoka na boksi getini. Kijana wa boda, wala simjui jina, akaniuliza, "Ni nini hiyo?" Nikasema ni kasuku mgonjwa. "Panda." Alivua koti lake la mvua akafunika boksi, yeye akalowa kutoka Utawala mpaka kwa daktari. Tulipofika akasema, "Leta mia tatu." Leta! Hata naomba hakuna. Halafu akakaa pale nje kwenye baridi dakika arobaini ili anirudishe, kwa sababu, alisema, saa hizo sitapata mtu. Daktari alimchoma ndege sindano ya kalisiamu, akamweka kwenye joto na giza, akaniambia, "Wewe nenda ulale, unanisumbua." Ndege yupo mpaka leo, anakula kama mkandarasi.

Usiku ule, nyuma ya pikipiki, nilimkumbuka baba. Mnakumbuka wenyewe hospitali zetu za nyumbani, sina haja ya kueleza, na hii siitaji jina. Tulifika na baba saa mbili asubuhi. Dada wa mapokezi alikuwa na sauti kama asali. "Poleni sana. Tunaomba msubiri kidogo." Saa nne: "Samahani sana mama, mhusika ametoka kidogo." Saa sita mtandao unasumbua, tunaomba radhi. Saa nane tunaomba mtuvumilie. Hakuna aliyetufokea siku ile, hata mmoja. Tuliombwa kutwa nzima. Baba alionwa saa kumi jioni, na alipona, alhamdulillahi, lakini hakupona kwa sababu ya ile adabu.

Tangu hapo nimekuwa na hasira na neno nililolipenda, na sijui niiweke wapi. Maana nikisema hivi nitaonekana nawasifu Wakenya, na hawa nao, jamani, kwenye suala la kuasili kasuku wananimaliza. Simu ikiita hakuna salamu: "Hello, wewe ndio wa kasuku? Ni ngapi? Nikuje saa ngapi?" Siuzi. "Sawa, lakini ni ngapi?" Mtu ananitumia pesa kabla sijamjibu kama anafaa, nami nakaa kuhangaika kuzirudisha, na ada ya kurudisha inanikata mimi. Nikiwaambia utaratibu wangu, kwamba uje mara tatu ndege akuone, kwamba mimi nije kwako nione mnapika na nini, kwa sababu moshi wa kikaango cha kutonata kikipata moto kupita kiasi unaua ndege chumba cha pili, kwamba nawe utafute kibali, kwamba uniandikie nani atamrithi kwa kuwa anaweza kuishi miaka 40 hata 60, wananiuliza, "Kwani ni mtoto?"

Ni mtoto asiyekua. Kule Marekani yupo aliyeitwa Alex, alifundishwa na Irene Pepperberg kuanzia 1977, alijua maneno zaidi ya 100, rangi, maumbo, kuhesabu mpaka sita. Huwezi kumpokea wa namna hiyo kwa haraka za "nikuje saa ngapi". Mwaka jana nilitoa wawili tu. Wote wawili walikwenda kwa watu waliokaa kwenye ile stuli ya plastiki bila kuangalia saa, na mmoja wao, mtanisamehe, ni Mtanzania, mwalimu wa huku Kasarani. Alikuja mara tano. Mara zote alichelewa.

Wapo nyumbani waliowahi kuniambia niwahamishie Tanga, eneo lipo, maembe yapo, bahari ipo. Mimi navuka mpaka kwa kipande cha karatasi. Karanga anahitaji vibali vya nchi mbili na mihuri isiyo na mwisho, na nikiifikiria ile sauti ya asali ikiniambia mhusika ametoka kidogo, natulia. Ndege wetu wenyewe walikwisha kuhama, isitoshe. Wale lavubedi (lovebird), kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa chungwa, asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, leo wamejaa Naivasha, waliachiwa kutoka vizimbani wakazaana, wakachanganyika na ndugu zao wenye kichwa cheusi mpaka hujui nani ni nani. Niliwaona nilipokwenda kule mara moja. Wanapiga kelele sana. Nadhani nao wanasema nipe.

Basi nimeanza kumfundisha Karanga upya. Kila nikimpa pilipili, ambayo anaitafuna kama pipi kwa sababu ndege hawasikii ukali wake, nasema "naomba", taratibu, kwa sauti ya mama yangu. Kijana anayenisaidia usafi, mtu wa Machakos, ananicheka: "Anti, huyo ashazoea. Na wewe pia." Wiki ya kwanza Karanga aliniangalia tu. Ya pili alianza kunong'ona jioni, kama wanavyofanya wakijaribu neno gizani. Naye ndiye aliyeniambia, kwa kweli, mara ngapi kwa siku nasema nipe kwenye simu, maana nilianza kujihesabu nikaacha nilipofika 20 kabla ya chakula cha mchana.

Leo mama amepiga. Tulipomaliza habari za nyumbani akauliza, "Na yule mwenzio mwenye sauti yako, hajambo?"

Nikapeleka simu kizimbani. Karanga akaikagua kwa jicho moja, akaigeuzia la pili. Mboni zikabana.

"Naomba!" akasema. "Naomba, fanya haraka!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Haya mpe basi," akasema, "usimsubirishe."