Mtoto mmoja, madaktari sita: nani ashike usukani?

Mtoto aliyezaliwa njiti, mwenye mtindio wa ubongo na kifafa, anaweza kuwa na madaktari sita kabla hajaanza shule: wa mishipa ya fahamu, wa mapafu, wa tumbo, wa macho, wa mifupa, na yule wa kawaida anayempa chanjo. Kila mmoja anakijua kipande chake. Wa kifafa anapandisha dozi, wa tumbo anabadilisha maziwa, na hawajaulizana. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, ndivyo isemwavyo. Ila hapa nahodha yupo. Ni mama, anayetembea na bahasha ya majibu ya vipimo na kusimulia historia ile ile kila dirisha la mapokezi analofika. Hakuna aliyemfunza kazi hiyo, wala halipwi.

Marekani, nchi yenye wataalamu wengi wa watoto na pia mfumo wa tiba uliokatwa vipande vipande, imekuwa ikilikabili tatizo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1967 chama cha madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics, kilikuja na wazo lililoitwa “makao ya tiba”. Mwanzoni lilikuwa suala la makaratasi tu: pawe na mahali pamoja panapotunza kumbukumbu zote za mtoto mwenye maradhi ya kudumu. Daktari Calvin Sia wa Honolulu ndiye aliyelisukuma kwa miaka mingi hadi likatoka kwenye kabati la mafaili na kuwa namna ya kutibu. Tamko rasmi la chama lilitoka mwaka 1992, likaongezwa nyama mwaka 2002: mtoto awe na kliniki moja inayomjua, inayofikika, inayomwona akiwa mzima na akiwa mgonjwa, inayozungumza na wataalamu wengine kwa niaba yake, na inayoichukulia familia kuwa mshirika. Mwaka 2007 vyama vikuu vinne vya madaktari vililikubali wazo hilo hata kwa wagonjwa watu wazima. Muda mfupi baadaye kliniki zikaanza kupewa vyeti vya kuthibitisha kwamba zimefikia masharti.

Kwenye vyeti ndipo mashaka yangu yanapoanzia, na sina haja ya kuyatafutia ushahidi mbali.

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha tafiti mbili zinazoonekana kugongana. Ya kwanza ilifuatilia kwa miaka 3 kliniki 32 za Pennsylvania zilizojiunga na mpango wa makao ya tiba, ulioelekezwa zaidi kwa watu wazima wenye kisukari na watoto wenye pumu. Katika vipimo 11 vya ubora, ni kimoja tu kilichopanda waziwazi kuliko katika kliniki za kulinganishia. Kulazwa hakukupungua. Gharama hazikupungua. Wapinzani wa wazo hili wakapata fimbo ya kuchapia: mmeajiri watu, mmenunua kompyuta, mmejaza fomu, na mgonjwa hajaona tofauti.

Ya pili ilifanyika Houston, Texas. Watoto 201 wenye maradhi sugu na historia ya kulazwa mara kwa mara waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine waliendelea na huduma ya kawaida, wengine wakapewa kliniki maalumu ambako wahudumu wale wale waliwatibu siku zote na walipatikana kwa simu usiku na mchana. Ugonjwa mzito, yaani kifo, kulazwa chumba cha mahututi au kukaa wodini zaidi ya siku 7, ulipungua kwa zaidi ya nusu. Gharama kwa mtoto mmoja kwa mwaka zikawa takriban dola 16,500, huku wenzao wakigharimu karibu dola 26,800.

Nikizisoma pamoja, sioni mgongano. Pennsylvania walibadilisha kliniki nzima kwa ajili ya kila anayeingia mlangoni. Houston waliwachukua wachache walio hatarini zaidi, wakawapa mtu wa kumpigia saa nane za usiku, mtu anayekumbuka kwamba mtoto huyu homa ikipanda hupata degedege. Simu ile ndiyo dawa. Mtoto anayeugua mafua mara mbili kwa mwaka hahitaji mratibu wa kuwaunganisha madaktari wake. Anahitaji kadi ya chanjo iliyojazwa vizuri na foleni fupi.

Lakini hata mfano wa Houston una kikwazo ambacho watetezi hukipita haraka. Pale daktari anapolipwa kwa kila tendo analofanya, dakika ishirini za kuzungumza na mwenzake wa mapafu ni hasara. Hospitali inayozuia mtoto asilazwe inajikata mkono wenyewe, kwa kuwa akiba huenda kwa bima na si kwa aliyetoa jasho. Bila kubadilisha malipo, uratibu utabaki hisani ya muuguzi mwenye moyo, na akihama kazi umekwisha.

Kuna pia hoja dhidi ya kumjua mtoto kupita kiasi. Daktari aliyekaa naye miaka kumi anaweza kuzoea dalili kiasi cha kutoziona. Mgeni mmoja wa zamu huuliza swali lililosahaulika. Sidhani hili linatosha kuvunja mwendelezo, ila linanifanya nisiukubali mlango mmoja usio na dirisha. Familia lazima iwe huru kutafuta maoni ya pili bila kuonekana wasaliti.

Na hiyo familia yenyewe? Kuiita mshirika ni vizuri, mpaka ushirika ugeuke kuwa kumtwika mama zoezi la viungo, mashine ya kulishia na jedwali la dawa, kisha kliniki ikajisifu kuwa imemshirikisha. Mshirika huulizwa anaweza kubeba nini. Kisha mtoto hukua. Akiwa na miaka 15 ana mambo ambayo angependa kumwambia daktari mama akiwa nje ya chumba, na kliniki iliyojengwa kuizunguka familia hujikuta haijui ifunge mlango lini. Miaka michache mbele anahamishiwa kwa madaktari wa watu wazima, ambako nadra mtu kumsubiri, na ile bahasha inatolewa tena kabatini. Safari hii mkononi mwa kijana ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa jina la dawa anayomeza.