Mitoo, vipimo safi na ini lisilogawanyika

Wakiambiwa kwamba mitoo ina sumu inayoweza kudhuru ini, walaji wake wana hoja ya kuheshimiwa: mboga hii imeliwa magharibi mwa Kenya vizazi na vizazi, na wodi hazijajaa wagonjwa wake. Kweli pia kwamba Crotalaria, jenasi ya mitoo, ina spishi karibu 700 na sumu haijagawiwa sawasawa. Mara nyingi mbegu huwa nayo nyingi kuliko majani.

Hoja hiyo hupwaya pale "hakuna aliyeugua" inapogeuka kuwa "hakuna madhara". Alkaloidi za pirolizidini, yaani sumu yenyewe ya mimea hii, huingia mwilini zikiwa hazina makali. Vimeng'enya vya ini lenyewe, hasa CYP3A4, ndivyo huzigeuza kuwa piroli, kemikali zenye makali, nazo hushika DNA na kuzifunga nyuzi zake mbili pamoja. Seli iliyofungwa hivyo huendelea kutengeneza protini, hata kunakili DNA, lakini hukwama kabla ya kugawanyika. Chini ya hadubini utaona seli nene kupita kiasi, kiini chake kikubwa ajabu. Panya wa maabara akichomwa sindano ya retrosini, mojawapo ya alkaloidi hizo, miligramu 30 kwa kilo ya uzito wake, mara mbili kwa kuachana wiki mbili, kisha akakatwa theluthi mbili ya ini mwezi mmoja baadaye, seli zake hushindwa kuziba pengo kama kawaida. Seli alizopandikiziwa kutoka kwa panya mwenzake ndizo hulijaza ini.

Sasa kipime kipimo cha ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu. Hupanda seli zinapoumia na kumwaga kimeng'enya hicho kwenye damu. Seli iliyokwama na kunenepa haijamwaga chochote. Majibu ya maabara yanaweza kurudi safi huku uwezo wa ini kujikarabati umepungua. Mtu huyo akipata hepatitisi B baadaye, atajikarabati kwa seli zipi?

Ndiyo maana asilimia 22.6 ya wilaya ya Gulran, Afghanistan, hainitoki akilini. Ilikuwa miaka ya 1974 hadi 1976, baada ya ukame, ngano ya mkate ikiwa imechanganyika na mbegu za Heliotropium, mmea mwingine wenye alkaloidi hizo. Watu 7,200 hivi walikaguliwa, na hao asilimia 22.6 walikutwa na dalili za ugonjwa wa ini. Dalili, yaani tumbo kujaa maji na mfano wake. Mwenye seli zilizokwama bila tumbo kuvimba hakuhesabika.

Kuulinganisha mkate ule na sahani ya mitoo ni kuwaonea wapishi. Watu wa Gulran walikula mbegu kila siku. Chuma majani machanga kabla ya maganda, chemsha kwa maji mengi, uyamwage: moto wa jikoni hauziangamizi alkaloidi zote, ila sehemu yake huyeyuka majini. Anayechemsha majani kama chai hunywa maji hayohayo.